Makaa Yaliyokawia: Miamba ya Songea na Bonde la Ruhuhu

Mji wa Songea umekaa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kwenye mwinuko unaozidi meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, karibu na mgawanyiko wa maji ambapo mvua ya upande mmoja hutelemkia mto Ruhuhu na kuishia Ziwa Nyasa, na ile ya upande wa pili hufuata mto Ruvuma, wenye chanzo chake katika milima ya Matogoro pembezoni mwa mji huo huo, hadi Bahari ya Hindi. Katika nchi inayouzunguka mji huo, magharibi kwenye wilaya ya Mbinga, kaskazini-magharibi ng'ambo ya Ruhuhu kwenye wilaya ya Ludewa, na kusini kwenye eneo la Muhukuru kuelekea mpaka wa Msumbiji, kumelala miamba yenye makaa ya mawe. Makaa hayo yalijulikana kwa wataalamu tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, yakapimwa na kuandikiwa taarifa mara kadhaa chini ya tawala tatu tofauti, lakini hayakuanza kuchimbwa kwa biashara katika mkoa wa Ruvuma hadi mwaka 2011. Kukawia huko hakukutokana na uhaba wa makaa wala na ukaidi wa miamba, bali na umbali. Hata hivyo ni miamba, kwa namna ilivyoinama na kukatika, inayoamua ni makaa yapi yanaweza kufukuliwa kutoka juu na ni yapi yatabaki mahali pake mpaka uchimbwe mgodi wa chini ya ardhi.

Maelezo ya miamba hiyo hayana budi kuanzia chini kabisa. Msingi wa nchi yote ya Songea ni miamba migumu ya kale, yaani matale na miamba geu, ambayo ni miamba iliyobadilishwa umbo na joto na mgandamizo mkubwa ndani ya ardhi, na sehemu yake kubwa ina umri wa karibu miaka bilioni mbili. Milima ya Livingstone inayoinuka juu ya Ziwa Nyasa imejengwa kwa miamba ya aina hiyo. Makaa hayapatikani ndani yake hata kidogo; hupatikana katika miamba mashapo iliyolala juu yake, yaani miamba iliyotokana na mchanga, tope na mabaki ya mimea yaliyotulia chini ya maji yakagandamana tabaka juu ya tabaka. Miamba mashapo ya namna hii imeenea kutoka Afrika Kusini hadi Kenya, na wanajiolojia huiita miamba ya Karoo, kwa jina la nyika kavu ya Afrika Kusini ilikochunguzwa kwanza. Kwa upande wa Tanzania kundi zima limepewa jina la Songea, kwa hiyo mtu anayesoma kitabu cha jiolojia mahali popote duniani hukutana na jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni ambaye mji huo umepewa jina lake, akiwa anasoma habari za mchanga na tope.

Karibu miaka milioni 300 iliyopita Afrika haikuwa bara la peke yake. Ilikuwa imeungana na Amerika Kusini, India, Australia na Antaktika katika bara moja kuu liitwalo Gondwana, na mahali ilipo Songea leo palikuwa mbali zaidi kusini, katika baridi kali. Barafu nene ilitambaa juu ya miamba ya msingi, ikaikwangua na kubeba vipande vyake, na ilipoyeyuka ikaacha chini mchanganyiko wa mawe makubwa na madogo yaliyofumbatwa na tope. Mchanganyiko huo umebaki hadi leo chini ya tabaka za makaa za bonde la Ruhuhu, na ndio ushahidi wa wazi kwamba nchi ambayo sasa inajulikana kwa miombo na joto la Desemba iliwahi kuwa chini ya barafu.

Barafu ilipoondoka, ardhi ilikuwa inapasuka na kudidimia polepole, na katika mabonde yaliyodidimia mito ilisambaza mchanga na tope na kuacha vinamasi vikubwa kandokando yake. Vinamasi hivyo viliota mimea ambayo mkuu wake uliitwa baadaye Glossopteris, mti wa majani marefu yenye umbo la ulimi, uliopukutisha majani yake msimu wa baridi. Mimea iliyoanguka katika maji yaliyotuama haikuoza kabisa kwa kuwa hewa haikuifikia. Ilijilimbikiza ikawa mboji nzito, na kadiri mchanga na tope vilivyozidi kuilalia juu, maji yalikamuliwa, joto la ndani ya ardhi likaongezeka, na mboji ikageuka makaa. Tabaka la makaa lenye unene wa meta moja linawakilisha mboji iliyokuwa nene mara nyingi zaidi ya hapo, na limechukua maelfu ya miaka kulimbikizwa.

Kwa kuwa vinamasi hivyo vilikuwa jirani na mito iliyofurika mara kwa mara, tope liliingia katikati ya mboji, na jambo hilo linaonekana kwa macho katika pande la makaa likishikwa mkononi. Pande hilo si jeusi la namna moja. Lina mistari myembamba inayong'aa, iliyotokana na magome na miti, inayopishana na mistari mizito isiyong'aa, yenye chembe za udongo ndani yake, na likipasuliwa kwa nyundo huvunjika kwa kufuata mistari hiyo. Udongo huo ndio unaobaki kama majivu baada ya kuchoma, na makaa ya Karoo kwa jumla yana majivu mengi kuliko makaa ya Ulaya ya zama zilizotangulia, yaliyotokana na misitu ya nchi ya joto. Katika jiwe la tope linalofunika tabaka la makaa, ambalo kwa mchimbaji wa chini ya ardhi ndilo dari, mara nyingi huonekana alama ya jani la Glossopteris, mshipa wake wa kati ukiwa bado umenyooka. Mawe ya Songea hayawezi kusomwa kwa ukaribu zaidi ya hapo.

Mpangilio wa tabaka hizo uliwekwa katika maandishi na G. M. Stockley, mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, katika taarifa yake ya mwaka 1932 kuhusu maeneo ya makaa ya Ruhuhu. Stockley aliigawa miamba ya Karoo katika makundi manane, akayapa alama kutoka K1 hadi K8 kwa kuanzia chini, na mgawanyo huo umedumu hata baada ya watafiti wa Kijerumani na Kitanzania wa miaka ya 1980 na 1990 kuyapa makundi hayo majina ya mahali. K1 ni mabaki ya barafu. K2, ambayo sasa huitwa Mchuchuma, ndiyo yenye makaa mengi na mazuri, na ndani yake mna makaa ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, na ya Ngaka, wilayani Mbinga. K3 ni mchanga mgumu unaosimama kama magenge. K4, iliyopewa jina la Muhukuru, ina makaa pia, lakini tabaka zake kwa kawaida ni nyembamba na za thamani ndogo zaidi. Juu yake inafuata K5, yaani Ruhuhu, yenye mawe ya tope na chokaa yaliyotulia chini ya ziwa la kale, kisha K6 yenye mifupa ya wanyama, na mwisho mchanga na tope jekundu la Manda linalofunga hesabu kwa K7 na K8. Unene wa jumla, pale ambapo tabaka zote zipo, unakadiriwa kufikia meta 3,000.

Ni haki kusema kwamba sehemu ya juu ya mpangilio huo, ambayo haina makaa ya kuchimba, imeipa Songea sifa kubwa duniani kuliko sehemu ya chini. Francis Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikusanya mifupa katika bonde la Ruhuhu mwaka 1933, na Ernst Nowack akafuata miaka michache baadaye, mifupa yake ikapelekwa Tübingen, Ujerumani. Mmoja wa wanyama hao aliitwa Kingoria kwa jina la mlima Kingori, na mwingine Kawingasaurus kwa jina la Kawinga. Mifupa michache aliyoichukua Parrington ilikaa katika makabati ya makumbusho kwa miaka themanini kabla ya kutangazwa mwaka 2013 kwa jina la Nyasasaurus, mnyama wa miaka milioni 240 na ushei iliyopita, ambaye ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria. Makaa yalikuwa chini yake, yakiwa na umri mkubwa zaidi kwa miaka milioni thelathini na zaidi.

Baada ya tabaka kutulia, ardhi haikutulia. Bonde la Ruhuhu lilikatwa na mipasuko mirefu inayokwenda kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, na mpasuko, kwa maana ya kijiolojia, ni ufa ambao upande mmoja wake umeshuka au kupanda ukilinganishwa na upande wa pili. Muda mrefu baadaye, Bonde la Ufa lilipofunguka na kuzaa Ziwa Nyasa, mipasuko mipya iliongezeka na mingine ya kale ikaamka. Matokeo yake ni kwamba tabaka la makaa ambalo awali lilikuwa moja limekuwa kama sahani iliyovunjika, vipande vyake vikiwa vimeegemeana kwa pembe mbalimbali: kimoja kinatokeza juu ya ardhi katika ukingo wa kijito, kingine kimezama mamia ya meta chini ya mchanga wa K3. Ndiyo sababu katika eneo la Ngaka hutajwa mabonde madogo yaliyotengana, kama Mbalawala na Mbuyura, na ndiyo sababu mtu anayetaka kuchimba hawezi kutegemea kile kinachoonekana juu peke yake.

Wenyeji wa nchi hiyo, Wamatengo, Wamanda, Wapangwa, Wandendeule, na Wangoni waliofika kutoka kusini katika karne ya 19, hawakuwa na haja ya jiwe linaloungua. Wahunzi wa Upangwa waliyeyusha chuma kutoka katika mawe ya nchi yao kwa makaa ya miti, na misitu ya miombo ilitoa kuni na makaa hayo bila mtu kushuka shimoni. Aliyekuwa na haja ya makaa ya mawe ni mgeni mwenye meli ya mvuke na ndoto ya reli. Wilhelm Bornhardt, mhandisi wa madini aliyetumwa na Wajerumani kusafiri katika koloni lao kati ya 1895 na 1897, aliarifu kuwapo kwa makaa upande wa Ziwa Nyasa, na kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu sura ya nchi na jiolojia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ndicho kilichoifanya habari hiyo ienee. Bornhardt anakumbukwa zaidi kwa jambo jingine: majabali ya pekee yanayosimama katika tambarare za kusini mwa Tanzania yalimvutia kiasi kwamba majabali ya aina hiyo sasa huitwa kwa jina lake katika vitabu vya jiografia.

Mwaka 1897, safari za Bornhardt zilipokuwa zikimalizika, Wajerumani walijenga boma Songea, na mwaka uliofuata wamisionari wa Kibenediktini wakaanzisha misheni ya Peramiho. Yaliyofuata yanajulikana. Vita vya Majimaji viliifikia Ungoni mwaka 1905, nduna Songea Mbano akanyongwa mwaka 1906, na njaa iliyosababishwa kwa makusudi na jeshi la Kijerumani ikaua watu wengi kuliko risasi. Nchi iliyobaki haikuwa na nguvu kazi wala utulivu wa kuanzisha mgodi. Mpango wa reli ya kusini, kutoka pwani ya Kilwa hadi Ziwa Nyasa, ulijadiliwa kwa miaka mingi bila kujengwa, kwani fedha zilikwenda katika reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Meli ya Wajerumani katika Ziwa Nyasa, Hermann von Wissmann, ilikutwa na Waingereza ikiwa imepandishwa nchi kavu Liuli mnamo Agosti 1914 na kuharibiwa. Wakati wote wa uhai wa meli hiyo makaa ya Ruhuhu yalikuwa ng'ambo tu ya milima, na hayakuwahi kuwa biashara.

Waingereza waliirithi habari hiyo pamoja na koloni. Idara ya Jiolojia yenye makao yake Dodoma ndiyo iliyomtuma Stockley, na kazi yake ilikuwa ya hali ya juu, lakini swali lililoulizwa katika taarifa zote za wakati huo lilikuwa lile lile: makaa yatafikaje pwani? Hapa hesabu ya thamani kwa uzito ndiyo iliyotoa hukumu. Kahawa ya Umatengo na tumbaku ya Ungoni, ambazo wakulima waliziuza kupitia chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo kilichoanzishwa katika miaka ya 1930, ziliweza kubeba gharama ya lori kutoka Songea hadi bandarini kwa sababu gunia moja lilikuwa na thamani kubwa. Tani moja ya makaa haikuweza. Kwa hiyo mkoa uliokuwa na nishati chini ya ardhi uliendelea kusafirisha mazao mepesi na watu, maana vijana wengi wa Songea walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro.

Baada ya Vita Kuu ya Pili matumaini yalirudi kwa kishindo. Mradi mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliacha kusini bandari ya kina kirefu Mtwara na reli kuelekea Nachingwea, na katika kipindi hicho hicho Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, lililoundwa mwaka 1948, lilifanya uchunguzi wa makaa ya Ruhuhu kwa kuchoronga, yaani kutoboa mashimo membamba marefu na kutoa nguzo za mwamba zilizopangwa kwa kina katika masanduku, ili tabaka za chini zisomwe bila kuchimba. Kama reli ingeendelea magharibi kutoka Nachingwea hadi Songea, historia hii ingekuwa nyingine. Reli haikuendelea, badala yake iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya uhuru, na taarifa ya A. C. M. McKinlay ya mwaka 1965, iliyokusanya yote yaliyojulikana kuhusu makaa ya nchi, ilitoka wakati makaa hayo yakiwa hayana njia.

Reli iliyokuja baadaye ilipita kwingine. TAZARA, iliyokamilishwa katikati ya miaka ya 1970, ilipitia Makambako na Mbeya, na kituo cha Makambako kiko karibu kilometa 300 kutoka Songea. Umbali huo ulitosha kuuelekeza mgodi kwenye bonde jingine la Karoo, lile la Songwe na Kiwira kaskazini mwa Ziwa Nyasa, lililo karibu zaidi na Mbeya. Kwa msaada wa China mgodi wa Kiwira ulianza kazi mwaka 1988, ukiwa umekusudiwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka, pamoja na kituo kidogo cha umeme cha megawati 6. Huo ulikuwa mgodi wa chini ya ardhi, na kwa yeyote anayejiuliza mgodi wa namna hiyo ungekuwaje katika miamba ya Songea, Kiwira ndio mfano wa karibu.

Mgodi wa makaa wa chini ya ardhi hautazamiwi kuwa kisima kirefu tu. Pale tabaka linapoinama, njia rahisi ni kuingia kwa handaki la mteremko linalolifuata tabaka kutoka mahali linapotokeza juu, na pale lililozama sana huchimbwa shimo la wima. Ndani, makaa huchukuliwa kwa namna ambayo huacha sehemu yake kubwa mahali pake: vyumba hukatwa, na kati ya chumba na chumba huachwa nguzo za makaa zenyewe ili zibebe dari. Ukubwa wa nguzo ni suala la hesabu, na hesabu hiyo inatokana na miamba. Dari la mchanga mgumu husimama vyema. Dari la jiwe la tope, lile lile linalohifadhi majani ya Glossopteris, hulainika likipata unyevu na kumomonyoka vipande vipande. Hatari ya kuipuuza hesabu hiyo ilionekana katika miamba hiyo hiyo ya Karoo huko Coalbrook, Afrika Kusini, tarehe 21 Januari 1960, wakati nguzo ziliposhindwa kwa pamoja na wachimbaji 435 wakafa.

Hatari ya pili ni gesi. Mboji inapogeuka makaa huzalisha methani, na gesi hiyo hubaki imenaswa ndani ya makaa mpaka yakatwe. Hewa ikiwa na methani kati ya asilimia 5 na 15 hulipuka kwa cheche ndogo, na mlipuko ukirusha vumbi la makaa, vumbi lenyewe huwaka na kuupeleka moto katika mahandaki yote. Hivyo ndivyo ilivyotokea Hwange, Zimbabwe, tarehe 6 Juni 1972, ambako zaidi ya watu 420 walipoteza maisha. Kinga yake ni feni kubwa zinazosukuma hewa safi bila kusita na unga wa chokaa unaonyunyizwa kuzuia vumbi lisiwake. Vumbi hilo hata lisipowaka huingia mapafuni, na madhara yake kwa mchimbaji huonekana baada ya miaka.

La tatu ni maji, na katika mazingira ya Ruvuma huenda hilo ndilo gumu kuliko yote. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa wingi. Mchanga wa K3 una vijitundu vinavyohifadhi maji mengi, na mipasuko huyapitisha hadi chini. Handaki likipita chini ya mchanga huo huwa mfereji unaokusanya maji ya pande zote, na pampu zikizimwa maji hurudi. Kiwira imeonyesha hilo pia: uzalishaji ulipodorora na hatimaye kusimama, baada ya mgodi kubinafsishwa mwaka 2005 na kabla ya kurudi mikononi mwa serikali, sehemu za chini zilijaa maji. Maji yanayokaa katika mgodi ulioachwa hukutana na chembe za piriti, ambayo ni madini ya chuma na salfa yaliyomo katika makaa, na pamoja na hewa hutengeneza asidi inayoweza kufika vijitoni.

Vijito vya Ngaka huingia Ruhuhu, na Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa, ziwa lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Wenyeji wa Manda na Mbamba Bay wanategemea dagaa na samaki wa ziwa hilo kila siku. Juu ya bonde, katika miinuko ya Umatengo, wakulima wamelima kwa vizazi vingi mashamba ya ngoro, yaani vishimo vilivyopangwa mfululizo kwenye miteremko mikali ili kuhifadhi maji ya mvua na kuzuia mmomonyoko. Watu waliojua kuushika udongo usitelemke wanastahili kusikilizwa pale kifusi cha mgodi kinapolundikwa juu ya kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza, na utekelezaji wake ndio unaotofautisha mgodi na mgodi.

Kilichovunja ukimya wa Ngaka hakikuwa reli bali lami na soko la ndani. Mwaka 2008 iliundwa kampuni ya ubia, Tancoal, kati ya wawekezaji kutoka Australia na Shirika la Maendeleo la Taifa, lenye asilimia 30, na uchimbaji ulianza Mbalawala mwaka 2011, jirani na kijiji cha Ntunduwaro. Wateja wa kwanza walikuwa viwanda vya saruji, vinavyohitaji joto kali na ambavyo havisumbuliwi sana na majivu kwa kuwa majivu huingia katika saruji yenyewe. Serikali ilipozuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016, mahitaji yaliongezeka. Na vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani mwaka 2022, malori yaliyopakiwa makaa yalianza kupita Songea kwa wingi, kupitia Namtumbo, Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara, safari ya zaidi ya kilometa 600. Ni bei tu iliyowezesha lori kubeba kile ambacho mwaka 1932 kilihesabiwa kuwa hakibebeki, na bei ikishuka hesabu ya zamani inarudi.

Mgodi wa Mbalawala ni wa wazi. Uchimbaji huanza pale tabaka linapotokeza, kifusi huondolewa, na kazi hufuata mwinamo wa tabaka mpaka kifusi cha juu kiwe kinene kiasi kwamba gharama ya kukiondoa inazidi thamani ya makaa yaliyo chini yake. Hapo mgodi wa wazi hufika mwisho, ingawa tabaka linaendelea. Sehemu kubwa ya makaa ya Ruhuhu imelala zaidi ya mpaka huo, chini ya mchanga wa K3, na haiwezi kufikiwa ila kwa mahandaki, feni na pampu zinazofanya kazi usiku na mchana, mwaka mzima, bila umeme kukatika. Gridi ya taifa iliifikia Songea mwaka 2018, kupitia njia ya umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji huo uliwashwa kwa kiasi kikubwa kwa jenereta za dizeli, na dizeli hiyo ililetwa kwa malori kutoka pwani.